Wiki tatu kabla ya kisu: kumwandaa mgonjwa mwenye moyo dhaifu kwa upandikizaji wa mishipa

Mwanaume wa miaka 61, muuza vipuri vya magari kutoka Tanga, anafikishwa hospitali ya rufaa akiwa hawezi kulala chali. Kwa miezi miwili amelala kwa mito mitatu, miguu imevimba hadi magotini, na akipanda ngazi chache tu pumzi inakata. Ana kisukari cha miaka 14 na presha, na sigara ameiacha wiki hiyohiyo aliyolazwa. Alipoulizwa kwa utulivu, mkewe ndiye aliyekumbuka kwamba miezi saba nyuma alishikwa na maumivu makali chini ya kifua, jasho likamtoka usiku kucha, na asubuhi akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Kwa kila dalili, usiku ule lilikuwa shambulio la moyo.

Mgonjwa huyu nimemuunda kwa kuunganisha hali zinazojirudia wodini, kwa hiyo hana jina wala hospitali. Namba zake ni za mfano, lakini ni za aina ambayo anayehudumia wagonjwa wa moyo huziona mara kwa mara. Majaribio ya kitabibu nitakayoyataja ni ya kweli.

Eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha chemba ya kushoto ya chini, ile inayosukuma damu kwenda mwilini, imetanuka hadi milimita 64. Kila inapojikamua inatoa asilimia 26 tu ya damu iliyomo, wakati moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu. Vali ya mitro, mlango kati ya chemba mbili za kushoto, inavuja kiasi, na upande wa kulia wa moyo nao umeanza kulegea. Hakuna damu iliyoganda ndani ya chemba; hilo lilitafutwa kwa makusudi, maana kipande kidogo kikichomoka wakati moyo unashikwashikwa na daktari mpasuaji, kinaweza kwenda kwenye ubongo. Anjiografia, picha ya mishipa ya moyo, ilikuta mishipa yote mitatu mikubwa ina ugonjwa: wa mbele umebana kwa asilimia 95 karibu na chimbuko lake, wa pembeni umebana kwa asilimia 80, wa kulia umeziba kabisa ila unapata damu ya kuazima kutoka upande wa pili. Shina kuu la kushoto, linalozaa mshipa wa mbele na wa pembeni, lilikuwa salama. Mbele ya vizuizi hivyo mishipa ilikuwa minene vya kutosha kushonewa.

Vipimo vya damu ndivyo vilivyoniambia zaidi. Wingi wa damu gramu 10.1 kwa desilita, akiba ya chuma ndogo, kreatinini, taka ambayo figo hupaswa kuitoa, 148 (juu ya kawaida), sukari ya miezi mitatu asilimia 9.8, protini ya albumini chini ya kiwango. Alipotembezwa kwa dakika 6 kwenye korido alifika mita 210, akaomba kiti.

Ndugu walikuwa wamekwisha kuchangishana. Nafasi ya chumba cha upasuaji ilipatikana siku ya nne tangu alazwe, na kaka yake mkubwa akauliza swali ambalo lina haki ya kujibiwa vizuri: "Daktari, moyo umeshachoka, sasa mnangoja nini tena?"

Kwanza ilibidi tujiridhishe kwamba upasuaji wenyewe unamfaa. Jaribio kubwa la STICH liliwachukua watu 1,212 wenye mishipa iliyoziba na moyo unaotoa asilimia 35 au pungufu, likawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapata dawa pekee, nusu dawa pamoja na kupandikizwa mishipa, yaani kushonewa mishipa mingine ya kupitisha damu kuvuka vizuizi. Matokeo ya kwanza, yaliyotoka mwaka 2011, yaliwakatisha wengi tamaa, kwa sababu tofauti ya vifo kwa ujumla haikutosha kuitwa ya hakika. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia watu walewale. Mwaka 2016, baada ya karibu miaka 10, waliokufa walikuwa asilimia 58.9 kwa waliopasuliwa na asilimia 66.1 kwa waliobaki na dawa, na safari hii tofauti ilikuwa ya kuaminika. Kuhusu stenti, kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa ili usizibe, jaribio la Uingereza lililoitwa REVIVED lilitoa jibu mwaka 2022: kwa watu 700 wenye mioyo ya namna hii, kuzibua mishipa kwa stenti hakukupunguza vifo wala kulazwa kwa moyo kushindwa kuliko dawa nzuri pekee. Kwa mtu wa miaka 61, mwenye kisukari, mishipa mitatu imeumia na pa kushonea papo, upasuaji ulikuwa na hoja nzito.

Lakini ndani ya STICH kuna jambo ambalo familia hazielezwi mara nyingi. Katika siku 30 za mwanzo waliopasuliwa walikufa zaidi kuliko waliokunywa dawa tu, na faida ya upasuaji ilianza kuonekana baada ya kama miaka 2. Mgonjwa analipa kwanza, anavuna baadaye. Kwa hiyo kila tunachoweza kufanya kupunguza malipo ya mwezi wa kwanza kina thamani kubwa, na karibu chote hufanyika kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Watafiti wa STICH walirudi tena kuangalia nani aliumia mapema, wakakuta kwamba walioweza kutembea zaidi ya mita 300 kwa dakika 6 waliuvuka upasuaji vizuri zaidi kuliko wasioweza. Hilo halithibitishi kwamba ukimfundisha mtu kutembea mita 90 zaidi umemwondolea hatari. Huenda mwendo ni kioo tu cha mwili ulivyo. Hata hivyo mita 210 zilikuwa onyo, na nilizichukua hivyo.

Basi jibu kwa kaka mkubwa lilikuwa hili: angekuwa na maumivu ya kifua akiwa amelala, au shina kuu la kushoto limebana, au presha inaporomoka, tusingengoja. Hana hata moja. Tatizo lake kwa wakati huo ni maji, damu, sukari na mapafu, na yote manne yanatengenezeka. Tukaomba wiki tatu.

Kuna aliyependekeza apigwe picha maalumu kuonyesha ni sehemu gani ya msuli wa moyo bado hai. Wazo ni zuri: msuli unaokosa damu kwa muda mrefu huacha kufanya kazi bila kufa, ukihifadhi nguvu, na ukirudishiwa damu huweza kuamka. Ila ndani ya STICH penyewe kipimo hicho hakikuweza kutenganisha watakaofaidika na upasuaji na wasiofaidika. Tulimpima kwa eko huku akipewa dobutamini, dawa ya kuuchochea moyo, kwa sababu ilikuwapo, kuta kadhaa zikaamka, tukafurahi. Zisingeamka, nisingemnyima upasuaji kwa hilo pekee.

Kumkausha maji

Kazi ya kwanza na kubwa kuliko zote ilikuwa kuondoa maji. Dawa ya kukojoa ilihamishwa kutoka vidonge kwenda sindano, kwa sababu utumbo uliovimba hauinyonyi vizuri. Akapimwa uzito kila asubuhi kabla ya chai, kwenye mizani ileile, akiwa na nguo zilezile. Alianza na kilo 82.

Hapa kulikuwa na mvutano. Daktari mmoja kijana aliona kreatinini ya 148 akataka dawa ipunguzwe, figo zisije zikaumia. Hofu hiyo inaeleweka, na kwa mgonjwa mkavu ingekuwa sahihi. Kwa mgonjwa aliyejaa maji, mara nyingi figo zinasongwa kutoka nyuma: damu inayotakiwa kutoka kwenye figo inakuta mishipa ya vena imejaa, presha ndani ya figo inapanda, mkojo unapungua. Mshipa wake wa shingo ulikuwa umesimama hadi chini ya sikio hata akiwa ameketi. Tuliendelea. Kufikia siku ya tisa alikuwa kilo 75 na kreatinini imeshuka hadi 121. Alilala kwa mto mmoja.

Kwa nini maji yana uzito huu kwa anayekwenda kufunguliwa kifua? Mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji, yenyewe hujazwa maji kabla ya kuunganishwa na mgonjwa, kiasi cha lita moja hivi au zaidi, na yote humwingia. Mapafu yaliyolowa yatakataa kuachishwa mashine ya kupumulia. Ini lililovimba hutengeneza vibaya protini za kugandisha damu, na mgonjwa atavuja. Upande wa kulia wa moyo, ambao tayari ulikuwa umelegea, unasukuma dhidi ya mapafu yenye presha ya juu. Huo ukigoma wakati wa kutoka kwenye mashine, upande wa kushoto hauna damu ya kusukuma hata kama mishipa mipya imeshonwa kwa ustadi. Ukiniuliza ni kipimo gani kimoja kilinipa amani kuliko vyote katika wiki hizo, nitakwambia eko ya siku ya kumi na mbili, iliyoonyesha presha ya mapafu imeshuka na upande wa kulia unajikamua tena.

Chuma, sukari na chembe za selimundu

Wingi wa damu wa 10.1 si jambo la kutisha kwa mtu anayeishi kijijini na kufanya kazi zake. Kwa anayekwenda kwenye mashine ni akiba ndogo, kwa sababu maji ya mashine huifanya damu kuwa nyepesi zaidi. Rahisi ingekuwa kumwongezea damu chupa mbili, lakini kwa moyo huu chupa mbili ni maji tuliyotoka kuyahangaikia, na damu ya mtu mwingine ina hatari zake. Alikuwa na upungufu wa chuma. Vidonge vya chuma kwa mgonjwa wa moyo kushindwa havisaidii vya kutosha, hilo lilipimwa na kuonekana, kwa hiyo alipewa kwa mshipa. Wiki ya tatu wingi ulikuwa 11.6. Ndugu nao waliombwa wachangie damu mapema, kila kundi kwa siku yake, ili kusiwe na kukimbizana usiku wa mwisho.

Kuna kipimo ambacho huenda daktari wa Ulaya asikifikirie, ila huku kwetu ni lazima: selimundu. Mgonjwa alikuwa na kinasaba kimoja tu, hajawahi kuugua kwa ajili yake, wala hakujua. Kwenye mashine mambo yanabadilika, kwa sababu baridi, upungufu wa hewa safi na damu kuwa na tindikali ndivyo vinavyozikunja chembe. Jibu lilipotoka, mtaalamu wa mashine ya moyo na mapafu aliitwa mezani siku hiyohiyo, na makubaliano yakawa mwili wake usipozwe sana. Taarifa hiyo ikipatikana mgonjwa akiwa ameshalala usingizi, haimsaidii mtu.

Sukari ilitukumbusha tusifukuze namba isiyofikika. Asilimia 9.8 ni picha ya miezi iliyopita. Wiki tatu hazitaishusha hadi 7, na kungoja miezi mitatu kwa moyo huu ni kumwacha barabarani. Tulichoweza kudhibiti ni sukari ya kila siku. Akahamia kwenye insulini, lengo likiwa kutovuka 10, na tukakubaliana na daktari mpasuaji achukue ateri moja tu ya ndani ya kifua badala ya mbili. Ateri hizo ndizo zinazodumu kuliko mshipa wowote wa mguu, lakini kwa mwenye kisukari kibaya, kuzitoa zote mbili huacha mfupa wa kidari na damu kidogo, na kidonda cha kidari kikioza ni balaa.

Karatasi ya dawa

Kama kuna mahali maandalizi huharibika kimyakimya, ni kwenye dawa. Mgonjwa alikuwa na saba. Aspirini iliendelea, na karvediloli ya kutuliza moyo na dawa ya kolesteroli ziliendelea hadi asubuhi ya upasuaji. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilisimamishwa siku 5 kabla. Isiposimamishwa, kifua hakikauki damu. Enalaprili, dawa ya presha na moyo, ilisimamishwa siku moja kabla, kwa sababu pamoja na dawa ya usingizi huishusha presha hadi haipandi kwa urahisi. Metformini, kidonge cha kisukari, ilikwisha kuondolewa insulini ilipoingia.

Ya saba ni dapagliflozini, na hii naisemea kwa sauti. Ni dawa nzuri mno kwa moyo na sasa wengi wanaitumia. Ila kwa mtu anayefunga kula kisha akapasuliwa, inaweza kuleta sumu ya ketoni wakati sukari yenyewe iko kawaida. Wauguzi wanapima sukari, wanaona 8, wanatulia, huku damu inazidi kuwa na tindikali. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa agizo mwaka 2020: isimamishwe angalau siku 3 kabla ya upasuaji uliopangwa. Kwa huyu mwenye chembe za selimundu zinazochukia tindikali, kusahau siku hizo kungekuwa hatari juu ya hatari.

Kalenda iliandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa, ikakabidhiwa mkewe, kwa sababu katika wiki ya pili mgonjwa alirudi kukaa kwa binti yake Dar es Salaam akisubiri. Hilo ni moja ya manufaa ya huduma kuwa nyumbani. Kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanzishwa mwaka 2015, wagonjwa wengi wa namna hii walisafirishwa kwenda India. Sasa mtu anaweza kuandaliwa akiwa kati ya watu wake. Mama aliisoma karatasi, akasita, kisha akauliza, "Na ile ya chupa, Daktari?" Hatukujua habari za chupa. Ilikuwa dawa ya mizizi aliyokuwa akiinywa asubuhi na jioni. Sikumgombeza, maana anayegombezwa leo atanyamaza kesho. Nilimwomba tu aiweke pembeni hadi figo zipite salama, na akakubali.

Mapafu yalishughulikiwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2006, uliohusisha wagonjwa 279 wenye hatari kubwa ya kuumia mapafu, uliwapa nusu yao mazoezi ya misuli ya kuvutia pumzi kwa angalau wiki mbili kabla ya upandikizaji; matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 18, dhidi ya 35 kwa wengine. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinashikwa mkononi. Mzee alikifanyia kazi dakika 20 kila siku, binti yake akihesabu. Meno yalikaguliwa, jino moja lililooza likang'olewa mapema. Mayai, samaki na maharage viliongezwa kwenye sahani.

Dawa ya usiku wa mwisho

Wiki moja kabla ya tarehe, likaja pendekezo la levosimendani. Ni dawa inayoongeza nguvu ya moyo bila kuudai hewa nyingi zaidi, na athari yake hudumu siku kadhaa. Kwa mtazamo wa kwanza, nani asingependa ngao kama hiyo? Mwaka 2017 jaribio la LEVO-CTS liliwapa wagonjwa wa upasuaji wa moyo waliokuwa na asilimia 35 au pungufu dawa hiyo au maji matupu. Vifo, figo kushindwa, shambulio la moyo na kuhitaji mashine ya kusaidia moyo vilikuwa sawa pande zote mbili. Waliopewa dawa walihitaji dawa nyingine za kusukuma moyo pungufu kuliko wenzao wasioipata, na hilo si dogo, ila halikuokoa maisha kwa kipimo cha jaribio. Jaribio la Ufaransa la LICORN, mwaka huohuo, halikuona faida pia.

Tuliiacha. Kwa bei yake na kwa presha ya mgonjwa huyu, niliona fedha ya familia ina kazi bora zaidi baada ya upasuaji.

Puto la ndani ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, lilijadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Huingizwa kupitia mshipa wa paja, hujaa moyo unapopumzika na kunywea unapojikamua, hivyo linaupa moyo damu na kuupunguzia mzigo. Timu nyingine huliweka kabla ya upasuaji kwa kila moyo dhaifu. Sisi tulikuwa na mgonjwa mkavu, asiye na maumivu, mwenye shina kuu salama, na mguu wa mwenye kisukari hauchezewi bila sababu. Tulikubaliana kati: mishipa ya mapaja ipimwe, vali ya aota ithibitishwe kuwa haivuji, kisha mrija mwembamba uwekwe kwenye ateri ya paja mwanzoni mwa upasuaji, ili puto likihitajika liingie kwa dakika chache.

Jioni ya mwisho nilizungumza na mgonjwa kabla ya ndugu. Mara nyingi mazungumzo hufanyika na kaka na watoto wakubwa mlangoni, mwenye kifua akiwa kitandani anatazama. Nilimwambia kwamba kati ya watu mia wenye hali kama yake, wachache hawatoki hospitalini, na kwamba sijui yeye atakuwa upande gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilipokuja nilikuwa nazama. Sasa sizami." Akasaini mwenyewe.

Siku ya upasuaji alikuwa kilo 74, kreatinini 112, na wiki hiyo alikuwa ametembea mita 320. Alipandikizwa mishipa mitatu: ateri ya kifua kwenye mshipa wa mbele, vipande viwili vya mshipa wa mguu kwenye mingine. Vali ya mitro iliachwa, kwa kuwa uvujaji ulipungua maji yalipotoka. Alitoka kwenye mashine kwa dozi ndogo ya dawa za kusukuma moyo, puto halikutumika, na bomba la kupumulia lilitolewa asubuhi iliyofuata. Siku ya tatu mapigo yalivurugika kwa muda, yakatulia kwa amiodaroni.

Dapagliflozini ilirudishwa alipoanza kula sahani yake yote, enalaprili figo zilipothibitika, karvediloli ikapandishwa taratibu kliniki. Kuhusu kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani, uamuzi uliachwa kwa makusudi hadi miezi mitatu ipite, kwa sababu msuli uliorudishiwa damu unahitaji muda kabla ya kuhukumiwa. Eko ya mwezi wa tatu ilisoma asilimia 38. Kifaa hakikuwekwa, na kliniki inayofuata ikapangwa baada ya miezi sita.